Kundi la Ulinganisho Nalo Likilipa: Utatuzi wa Matatizo katika Majaribio ya Athari za Kuenea za Ulipaji Kodi

Mwongozo huu ni kwa wachumi wa halmashauri, maofisa wa kodi na wanafunzi wa uzamili wanaokusudia kupima, kwa jaribio la uwandani, jinsi hatua iliyochukuliwa kwa mlipakodi mmoja inavyobadili mwenendo wa wengine ambao hawakuguswa nayo. Athari hizo, ambazo hapa nitaziita athari za kuenea, zimethibitishwa mara nyingi. Nchini Austria, Rincke na Traxler walionyesha mwaka 2011 kwamba kaya zilianza kulipia ada ya televisheni baada ya kaya nyingine za jirani kukaguliwa. Nchini Chile, Pomeranz alionyesha mwaka 2015 kwamba kampuni ikitangaziwa ukaguzi, kodi ya ongezeko la thamani inayolipwa na wanaoiuzia bidhaa nayo hupanda, ilhali ile ya wateja wake haipandi. Nchini Marekani, Boning na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba ziara ya ofisa wa kodi katika kampuni moja huongeza kidogo malipo ya wateja wengine wa mtayarishaji hesabu yule yule, lakini barua peke yake haikuleta mwenezo wa namna hiyo.

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu biashara ndogo za huku zimeshikana. Mwenye duka wa Newala hununua mali kwa jumla Masasi au Mtwara mjini, huweka akiba na kukopa katika kikundi kimoja cha vikoba na washindani wake, na mara nyingi mtu anayemwandikia hesabu ndiye anayewaandikia wenzake wengi wa mtaa ule ule. Barua ya kodi ikifika dukani kwake asubuhi, inakuwa habari ya soko zima kabla ya jioni. Hoja yangu ni moja: mipaka ya jaribio ifuate njia zinazopitiwa na habari na fedha, si mipaka ya kata iliyo kwenye ramani ya utawala, na uamuzi huo ufanywe kabla ya mgao wa bahati nasibu, yaani kabla ya kuchagua kwa kura nani ataguswa na nani hataguswa, kwa kuwa hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kuokoa mgao uliokosewa tangu mwanzo.

Nitatumia mfano mmoja kote. Ofisi ya kodi inataka kutuma barua za ukumbusho kwa wafanyabiashara wadogo wanaolipa kodi ya makadirio katika Mtwara mjini, Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea na Lindi mjini. Baadhi watapata barua na wengine hawatapata, na malipo ya wote yatafuatiliwa kwa awamu nne za mwaka zinazoishia Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Dalili: makundi yote mawili yanapanda, na tofauti kati yao ni ndogo au haipo

Hii ndiyo dalili inayojitokeza mara nyingi zaidi, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Mtafiti anaona waliopata barua wamelipa, anaona wasiopata nao wamelipa karibu sawa, anaandika kwamba barua hazifanyi kazi, na ofisi inaacha kuzituma. Huenda ukweli ni kinyume kabisa: barua zilifanya kazi sana, mpaka zikawafikia wasioandikiwa.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba katika soko lisilo na barua hata moja wafanyabiashara 40 katika kila 100 hulipa kwa wakati. Katika soko ambalo nusu ya wafanyabiashara wamepata barua, 52 katika kila 100 ya waliopata hulipa, na 48 katika kila 100 ya wasiopata nao hulipa kwa sababu wamesikia. Anayelinganisha watu wa soko hilo moja ataona tofauti ya 4. Anayelinganisha na soko lisiloguswa ataona kwamba waliopata barua wamepanda kwa 12 na wasiopata kwa 8. Kwa soko zima ni ongezeko la wastani wa 10 katika kila 100, yaani zaidi ya mara mbili ya kile kilichoonekana kwa ulinganisho wa kwanza.

Hata hivyo, kupanda kwa makundi yote hakuthibitishi kwamba habari imeenea. Kuna visababishi viwili vingine, na kimojawapo ni kikubwa sana huku kwetu. Minada ya korosho huanza kwa kawaida Oktoba na kuendelea hadi kufunga mwaka, na fedha za wakulima zinapoingia, maduka ya Tandahimba na Masasi yanauza kuliko wakati mwingine wowote. Awamu ya kodi ya Desemba inaangukia humo humo. Jaribio lililotuma barua Septemba na kupima Desemba litaona kila mtu akipanda hata kama barua zote zingebaki stoo. Kulinganisha na Desemba ya mwaka uliotangulia hakutoshi, kwa sababu msimu mmoja haufanani na mwingine. Mtu anayekumbuka Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, anajua jinsi mzunguko wa fedha unavyoweza kubadilika ghafla katika mikoa hii. Kisababishi cha pili ni kampeni nyingine inayoendelea wakati huo huo, kwa mfano wiki ya elimu kwa mlipakodi au msako wa mashine za risiti za kielektroniki.

Namna pekee ya kuvitenganisha visababishi hivi ni kuwa na masoko ambayo hakuna hata mtu mmoja aliyepata barua, yaliyo katika msimu ule ule na chini ya kampeni zile zile. Kwa hiyo mgao ufanywe kwa ngazi mbili. Kwanza, masoko yenyewe yagawanywe kwa bahati nasibu: mengine yasipate barua kabisa, mengine yapate kwa ukolezo (yaani sehemu ya wafanyabiashara wa soko wanaoandikiwa) wa chini, mengine kwa ukolezo wa juu. Kisha, ndani ya masoko yanayopata, wafanyabiashara wagawanywe kwa bahati nasibu kulingana na ukolezo uliopangwa. Crépon na wenzake walifanya hivyo nchini Ufaransa walipopima huduma ya kuwasaidia vijana kupata ajira: maeneo 235 yalipangiwa viwango vya asilimia 0, 25, 50, 75 na 100, na wakagundua kwamba sehemu ya manufaa ya waliosaidiwa ilitokana na kuwapokonya nafasi wale ambao hawakusaidiwa. Bila maeneo ya asilimia sifuri, hilo lisingeonekana.

Ikiwa jaribio limeshafanyika kwa mgao wa mtu mmoja mmoja ndani ya soko moja, nashauri ripoti iseme wazi kwamba kilichopimwa ni tofauti kati ya kupata barua na kuwa karibu na aliyepata, na isitoe kauli yoyote kuhusu athari nzima.

Dalili: makadirio ya kuenea ni sifuri, lakini wigo wa uhakika ni mpana mno

Wigo wa uhakika, yaani eneo la thamani ambamo athari halisi inaweza kuwemo, ukiwa mpana, tatizo karibu kila mara ni idadi ya klasta (makundi yanayogawiwa kwa pamoja, hapa masoko), si idadi ya watu. Wafanyabiashara wa soko moja hufanana: wana ofisa mmoja, wateja wamoja, msimu mmoja. Kila anayeongezwa ndani ya soko lile lile huleta taarifa mpya kidogo tu. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukubwa wa sampuli ugawanywe kwa 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni idadi ya watu katika kila klasta na ρ ni kiwango cha ufanano wao. Ukiwa na wafanyabiashara 1,200 katika masoko 30 yenye watu 40 kila moja, na ufanano wa 0.05 ambao ni wa wastani tu, kigawanyo hicho ni 2.95, na sampuli yako ina nguvu ya watu wapatao 407. Ufanano ukipanda hadi 0.15, kigawanyo kinakuwa 6.85 na watu 1,200 wanabaki na nguvu ya watu 175.

Tatizo linazidi pale ambapo athari ya kuenea, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ya moja kwa moja, inapimwa kwa kutumia sehemu tu ya sampuli: wasiopata barua katika masoko yaliyoguswa, dhidi ya watu wa masoko yasiyoguswa. Mtu akipanga ukolezo wa asilimia 80 ili ofisi iridhike kwamba barua nyingi zimetumwa, katika kila soko la watu 40 wanabaki 8 tu wa kupimia kuenea.

Tiba ni kuongeza klasta na kupunguza watu ndani ya kila klasta. Mtwara na Lindi hazina masoko makubwa ya kutosha kufikia klasta 60 au 80, kwa hiyo itabidi vijumuishwe vituo vya biashara vya vijijini, senta za barabarani na minada ya mifugo na nguo inayozunguka, kwa sharti kwamba kila kimoja kiwe na orodha ya walipakodi inayoaminika. Klasta zipangwe kwanza katika jozi au matabaka kwa wilaya, kwa ukubwa na kwa kiwango cha ulipaji wa miaka iliyopita, ndipo mgao ufanywe ndani ya kila tabaka. Kumbukumbu za malipo ya awali ziingizwe katika rigresheni (hesabu inayotenganisha mchango wa kila kigezo), kwa kuwa aliyelipa mwaka jana kwa kawaida ndiye anayelipa mwaka huu, na taarifa hiyo peke yake hupunguza kosa sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba) kuliko maswali mengi ya dodoso.

Ningemshauri mtu mwenye klasta chini ya 60 asijaribu viwango vingi vya ukolezo. Viwango viwili, sifuri na karibu nusu, vinatosha kujibu swali la msingi. Viwango vitano katika klasta 30 hutoa mchoro wa kupendeza ambao hautegemezi hitimisho lolote.

Dalili: hata masoko ya asilimia sifuri yanapanda, hasa yale yaliyo karibu

Kabla ya kulaumu msimu, gawa masoko yasiyoguswa katika mafungu mawili: yaliyo karibu na masoko yenye barua na yaliyo mbali. Kama ya karibu yanapanda na ya mbali hayapandi, habari imevuka mpaka. Miguel na Kremer walikuta jambo la namna hiyo walipopima dawa za minyoo katika shule za Busia nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004: watoto wa shule zisizopewa dawa nao walipata nafuu kwa kuwa karibu na shule zilizopewa, na bila kuhesabu umbali manufaa ya dawa yangeonekana madogo kuliko yalivyo.

Katika Manispaa ya Mtwara Mikindani chanzo cha uvujaji kinaonekana kwa macho. Kata za Chikongola na Vigaeni zimeshikana. Muuza nguo anaweza kuwa na kibanda upande mmoja na stoo upande wa pili, na mwenyekiti wa mtaa wa kata moja ni mteja wa duka la kata nyingine. Kuzipanga kata hizo katika makundi tofauti ni kujidanganya. Lakini uvujaji mwingine haufuati umbali. Masasi ni njia panda ya barabara za kwenda Newala, Nachingwea, Tunduru na Mangaka, na wenye maduka wa vijijini huja kununua kwa wauzaji wa jumla walewale. Kijiji kilicho mbali na Masasi kwa kilomita nyingi kinaweza kusikia habari ya barua siku ile ile, huku kijiji cha karibu ambacho hununua mali Mtwara mjini kisisikie lolote.

Kwa hiyo, kabla ya mgao, tumia siku chache kuwauliza wafanyabiashara wa kila kituo maswali mawili: mali unanunua wapi, na habari za kodi unazipata kwa nani. Vituo vinavyotegemea muuzaji mmoja wa jumla viwekwe katika klasta moja, hata kama viko kata mbili au wilaya mbili. Mji wa Masasi wote uwe klasta moja, au uachwe nje ya jaribio. Kati ya klasta acha ukanda usiopimwa, yaani maduka yanayojulikana kupokea habari kutoka pande zote mbili. Ni kweli kwamba kuunganisha vituo hupunguza idadi ya klasta na kudhoofisha nguvu niliyoizungumzia hapo juu. Panapolazimu kuchagua, mimi ningechagua klasta chache zilizo safi: makadirio yenye wigo mpana husema ukweli kwa sauti ndogo, lakini klasta zinazovujiana hutoa jibu lisilo sahihi kwa uhakika mkubwa.

Dalili: mwenye majirani wengi waliopata barua hulipa zaidi, lakini alikuwa akilipa zaidi hata kabla ya barua

Sehemu hii inahitaji utulivu, kwa sababu kosa lake limejificha ndani ya jambo linaloonekana kuwa salama. Mtafiti anajiambia kwamba barua ziligawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo idadi ya majirani waliopata barua nayo ni ya bahati nasibu. Si hivyo. Barua ni za bahati nasibu, lakini idadi ya majirani siyo. Mwenye duka katikati ya soko kuu ana majirani kumi. Mwenye kibanda kwenye njia ya kwenda Naliendele ana wawili. Kwa ukolezo wa asilimia 30, uwezekano wa mwenye majirani wawili kuwa na angalau mmoja aliyepata barua ni 0.51, na wa mwenye majirani kumi ni 0.97. Ukiwalinganisha wenye jirani aliyepata barua na wasio naye, kwa sehemu kubwa unalinganisha watu wa katikati ya soko na watu wa pembezoni, na wa katikati wana mauzo makubwa, wanaonekana na ofisa kila anapopita, na walikuwa wakilipa zaidi tangu zamani.

Kipimo cha kwanza ni rahisi: fanya hesabu ile ile kwa malipo ya mwaka uliotangulia barua. Ikiwa barua za mwaka huu zinaonekana kuathiri malipo ya mwaka jana, umepima mahali duka lilipo, hujapima kuenea.

Tiba yake imeelezwa vizuri na Aronow na Samii katika makala yao ya mwaka 2017. Kwa kuwa mtafiti mwenyewe ndiye aliyeandika kanuni ya mgao, anaweza kuirudia kwenye kompyuta mara elfu kadhaa, bila kutuma barua yoyote, na kuhesabu kwa kila mfanyabiashara ni mara ngapi alijikuta na jirani aliyepata barua. Hesabu hiyo, ikigawanywa kwa idadi ya marudio, ndiyo uwezekano wake wa kuguswa. Kisha katika uchambuzi kila mtu hupewa uzito ulio kinyume cha uwezekano wa hali aliyojikuta nayo, au walinganishwe wale tu wenye uwezekano unaokaribiana. Asiye na jirani yeyote, ambaye uwezekano wake ni sifuri, huondolewa katika ulinganisho huu. Haijalishi ni mlipaji mzuri kiasi gani, hana la kutuambia kuhusu kuenea.

Marudio hayo hayo hutoa pia njia ya kupima kama matokeo yametokea kwa bahati. Watu wanaoshirikiana majirani wana makosa (yaani sehemu ya malipo yao ambayo hesabu haiielezi) yanayofungamana, na kosa sanifu la kawaida la programu ya takwimu huwa dogo kuliko linavyostahili. Badala yake, linganisha makadirio halisi na makadirio ya migao elfu ya kubuni, uone yako yanaangukia wapi.

Dalili: hakuna kuenea kati ya majirani, ingawa kila mtu anasema alisikia

Yawezekana umechora mtandao usio wenyewe. Jirani wa mlango kwa mlango hupimika kwa urahisi, kwa kuwa kifaa cha GPS kinachoonyesha mahali duka lilipo kinatosha, lakini habari ya kodi inaweza kupita kwa mwandishi wa hesabu, kwa muuzaji wa jumla, kwa mwenye nyumba anayepangisha fremu, au kwa kiongozi wa kikundi cha vikoba. Matokeo ya Marekani niliyoyataja yalijitokeza kupitia mtayarishaji wa hesabu, na ya Chile kupitia mnyororo wa manunuzi. Mtandao wa nasaba na dini nao una nafasi yake, ingawa kwa kodi ningeuweka nyuma ya ule wa biashara.

Orodha ya mahusiano ikusanywe kabla ya barua, kamwe isiwe baada. Aliyepata barua huwakumbuka zaidi watu aliozungumza nao kuhusu barua hiyo, na mtandao uliokusanywa baadaye tayari umepindishwa na jaribio lenyewe. Vilevile, kumwomba mtu ataje marafiki watatu tu hukata viungo vya wenye marafiki wengi, na hao ndio wanaoeneza habari. Drago, Mengel na Traxler, waliochambua zaidi ya kaya 500,000 za Austria katika makala ya mwaka 2020, waliona kwamba kuenea kulijikita kwa majirani wa karibu na kulikuwa kukubwa zaidi pale ambapo aliyepata barua alikuwa kitovu cha mawasiliano.

Dalili: malipo hayatikisiki kabisa, kwa yeyote

Angalia kwanza kama kodi uliyoichagua inamwachia mlipaji uamuzi wowote. Kodi ya majengo, tangu Agosti 2021, hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mwenye nyumba wa Shangani, Mtwara mjini, hawezi kuilipa mapema kwa sababu jirani yake amepata barua, na hawezi kuikwepa bila kukaa gizani. Ushuru wa korosho nao hukatwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani kabla fedha hazijamfikia mkulima kupitia chama chake cha msingi. Hizi ni njia nzuri za ukusanyaji, lakini ni vipimo vibovu vya kuenea. Chagua kodi ambayo mtu huinuka mwenyewe kwenda kuilipa: kodi ya makadirio, ushuru wa huduma wa halmashauri, leseni ya biashara, au kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango la fremu.

Kisha angalia orodha. Tangu Desemba 2018, wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka walipewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000. Barua inayomfikia mtu wa kundi hilo haiwezi kuzaa malipo ya kodi ya makadirio.

Baada ya hapo chunguza kama barua zilifika. Anwani nyingi zilizo kwenye usajili wa namba ya mlipakodi ni za sanduku la posta, na namba za simu mara nyingine ni za mtu aliyemsaidia mwombaji kujaza fomu mtandaoni. Barua ipelekwe kwa mkono, isainiwe, na tarehe iandikwe. Uchambuzi mkuu uendelee kumhesabu kila mtu katika kundi alilopangiwa, iwe barua ilimfikia au la, kwa kuwa wanaopatikana dukani si sawa na wasiopatikana.

Kujua nani alisikia, itabidi kuuliza. Lakini swali lenyewe ni ukumbusho wa kodi. Waulizwe wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu, katika klasta za aina zote, na malipo yao yachambuliwe kando.

Dalili: wasiopata barua wanalipa pungufu kuliko wa masoko yasiyoguswa

Matokeo haya yasifutwe kana kwamba ni kosa la hesabu. Asiyeandikiwa, akiona wenzake wameandikiwa, anaweza kuamua kwamba ofisi haimwoni. Boning na wenzake walikuta kampuni tanzu za kampuni zilizotembelewa zikilipa pungufu kidogo. Inawezekana pia kwamba mtu amelipa kodi moja na kuacha nyingine: amelipa makadirio, kisha ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ukabaki. Anayepima mapato ya Mamlaka ya Mapato peke yake ataona ushindi, wakati mweka hazina wa halmashauri anaona pengo. Omba kumbukumbu za pande zote mbili kabla ya kuanza.

Kisababishi kingine kimo ndani ya ofisi. Ofisa anayejua ni masoko gani yako kwenye jaribio anaweza, kwa nia njema kabisa, kuhamishia ziara zake huko ili barua zifanikiwe, na masoko mengine yakakosa ofisa kwa robo mwaka. Hapo kilichopimwa ni ziara. Orodha ya mgao ibaki kwa mtu asiyefanya kazi ya uwandani, na daftari la ziara za maofisa likusanywe kila mwezi, likilinganisha klasta za aina zote.

Dalili: wafanyabiashara wanalalamika au viongozi wa mitaa wanasitisha kazi

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inalinda siri za mlipakodi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu wanaochakata taarifa hizo. Kwa hiyo namba za walipakodi zibadilishwe kuwa namba za utafiti ndani ya ofisi yenyewe kabla mtafiti hajaziona, na kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) kiwe mkononi kabla ya kumtembelea mtendaji wa kata. Barua isimtishie mtu kwa ukaguzi ambao hautafanyika, na isitaje jina la jirani aliyelipa au asiyelipa. Kupima kuenea kwa kumwaibisha mtu mbele ya mtaa wake ni jambo ambalo singelikubali hata kama takwimu zake zingekuwa safi.

Maneno ya barua nayo yana historia ya mahali. Barua inayosema kodi yako inajenga mkoa wako husomwa, katika mji ulioshuhudia vurugu za mwaka 2013 kuhusu bomba la gesi, kama ahadi inayodai ushahidi. Ikiwa itatumika, itaje zahanati, barabara au kisima kilichopo ambacho msomaji anaweza kwenda kukiona, na ijaribiwe kwa watu wachache nje ya klasta za utafiti.

Dalili: kuenea kunaonekana awamu ya kwanza na kutoweka awamu ya pili

Habari ya barua huwa ni dhana kuhusu kitakachofuata. Soko likisubiri miezi mitatu na lisione kilichofuata, dhana hiyo hujirekebisha, na wale waliolipa kwa kusikia huwa wa kwanza kuacha kwa sababu hawakuandikiwa wao wenyewe. Huenda pia waliovutwa na uvumi waliwahisha tu malipo ambayo wangeyafanya Juni. Jumla ya malipo ya awamu zote nne ndiyo itakayotenganisha hali hizi mbili: kama jumla ya mwaka haikubadilika, kilichohama ni tarehe. Wafanyabiashara waliofunga au kuhama baada ya msimu wa korosho wabaki kwenye hesabu wakiwa na malipo ya sifuri, na idadi yao ilinganishwe kati ya klasta zenye barua na zisizo nazo, kwa kuwa barua yenyewe inaweza kuwa imewaondoa.

Ofisi mara nyingi haitakubali kusubiri mwaka mzima bila kuwaandikia walio katika masoko ya asilimia sifuri. Katika hali hiyo, masoko hayo yaingizwe kwa zamu, na mpangilio wa zamu upangwe kwa bahati nasibu siku ile ile ya mgao wa kwanza, ili soko linaloandikiwa Julai lilinganishwe katika awamu ya Septemba na yale ambayo zamu yake ni Oktoba.